Kichwa au Mwenge

Kwa Pazi, Gerezani, shaba nyekundu ina bei yake,
ya njano ina bei yake,
na vidogo vyote vinaitwa mchanganyiko.
Kijana wa Jangwani kaleta kilo mbili na robo:
koki, bomba, nyaya zilizochunwa kwa moto,
na humo, kama gego lililong'oka,
kiduara cha kijani kisicho duara sawasawa.
Usiulize kimefikaje.
Mafuriko ya Msimbazi hayatoi stakabadhi.

Sikudhani akakisugua kwa ndimu na majivu.
Kwanza ikatoka pua. Kisha shingo nene,
kisha miali ya jua, imechomekwa kichwani
kama vijiti vya mishikaki.
Herufi zimemzunguka, nusu zimeliwa;
Pazi akazisoma moja moja, I, M, P,
kama karani anayeita wagonjwa dirishani.
"Kaisari wa Warumi," nikasema; nilifundishwa shuleni.
"Ndiyo maana hatutazami," akajibu.
"Wakubwa wa kwenye sarafu wote hutazama pembeni."

Bibi yangu alikuwa na kopo la maziwa:
senti za Mwingereza, taji juu ya tundu,
tulizitunga uzini zikawa kama vibua;
na shaba za Mdachi, taji tupu,
halina hata kichwa cha kulivaa.
Mdachi kaenda na taji lake.
Jina la sarafu likabaki midomoni mwetu:
mama, naomba hela.

Tukabishana nani akanunue chai.
Pazi akakirusha. "Kichwa au mwenge?"
"Mwenge."
Kikaangukia sahani ya mizani, kikatoa mlio, kikalala.
Hapakuwa na mwenge.
Palikuwa na mwanamke mwenye mbawa, ushindi wa wenyewe,
na miguuni pake, mdogo kuliko punje ya ulezi,
mtu kapiga magoti, mikono nyuma.

Sikudhani akainama
mpaka pumzi yake ikatia ukungu juu ya shaba.
"Huyu jina lake limeandikwa wapi?"
Tukageuza. Tukageuza tena.
Sindano ya mizani haikutikisika.

Chai alikwenda kununua Sikudhani mwenyewe.
Aliporudi akakiweka kidirishani, kaisari kifudifudi,
akakisukuma kwa kidole
mpaka jua la bati lililotoboka
likampata yule aliyefungwa.
"Mvua nayo hupitia hapo hapo," Pazi akasema.
"Acha," akajibu. "Alowe kama sisi."