Viazi vya Matanga

Nauza dawa bonde la Sanpete, jimbo la Yuta,
mlango wa tatu toka posta.
Kiangazi basi la watalii husimama hapa, wanyooshe miguu.
Julai bwana mmoja, kamera shingoni,
akilipia dawa ya kiungulia, akaniuliza:
"Na wewe ni mke wa ngapi?"
Mkewe akamfinya. Wakacheka wote wawili.
Nikampa chenji yake, senti arobaini.

Tumezoea. Babu wa babu yangu alikuwa nao wanne,
sikatai, wamelazwa kwa safu pale kilimani,
lakini mimi nina Thayne peke yake, anayekoroma,
na magoti yake, na trekta lisilowaka.
Kahawa sijaionja. Wanadhani hapo ndipo penye siri.

Bwana yule hakumwona Oneita Jorgensen
nyuma yake, penye rafu ya vitamini,
akichungulia kama yupo mtu wa kata yetu.
Na angemwona, angeona nini? Sketi iliyopigwa pasi,
tabasamu lililopigwa pasi,
mama wa watoto saba, mikono inanukia hamira.
Mkobani vyeti vitatu: cha daktari wa Nephi, cha wa Provo,
na cha daktari wa meno.
Vidonge vya mgongo.
Mgongo ulikuwa umepona zamani.

Delwyn, mumewe, aliweka nyumba rehani
kwa ndugu wa kanisani aliyefungua kikao kwa sala,
akafunga kwa sala, na katikati akaahidi
thelathini kwa mia.
Fedha zikaenda. Ndugu yule akahamia Arizona.
Kaya kumi na nne, na hakuna aliyekwenda polisi:
tusianikane, walisema, walimwengu tayari wanatucheka.

Wale wanacheka, sisi tunanyamaza,
na baina ya kicheko na kimya
mtu aweza kupotea huku anapita mbele yako
kila Alhamisi, na kapu lake.

Mimi nilimwona. Msinisamehe haraka.
Mimi ndiye niliyehesabu, tano tano,
kwa kisu cha plastiki juu ya sinia la buluu,
nikabandika jina lake kwenye chupa,
nikasema: nisalimie wanao.

Mficha maradhi... mwajua methali inavyoisha.
Yeye iliishia Novemba, chumba cha kufulia,
mashine bado inazunguka.
Tukasema moyo.

Mazishini, yale ambayo basi halisimami kuyaona:
kina mama wameshafika saa kumi na moja alfajiri,
vijana wamekokota theluji toka lango hadi kaburini,
masinia kumi na moja ya viazi vya jibini
vilivyonyunyiziwa chenga za konfleksi,
kila sinia na kipande cha utepe chenye jina la mwenyewe.
Delwyn alilipiwa umeme mpaka Machi, hajui na nani.
Hawa ndio watu wangu. Niwakane vipi?

Jumapili ya mfungo, atakaye husimama.
Nilisimama, tumbo tupu. Askofu akaishusha maikrofoni
ifikie kimo changu. Nikasema haukuwa moyo.
Nikataja idadi. Nikautaja mkono uliohesabu.
Nikataja na ile sala ya thelathini kwa mia.
Mtoto mmoja akaangusha kopo la nafaka, likabiringika
benchi hadi benchi,
hakuna aliyeinama kuliokota.

Watalii wangefurahi, labda. Lakini sikuyasema kwa ajili yao.

Jumanne nikakuta sinia kibarazani.
Viazi, bado vya moto, foili imekunjwa vizuri pembeni,
utepe upo, jina halipo.
Sijui wananilisha
au wananizika.
Thayne akatokea na soksi zake, akauliza nani kaleta.
Nikampa kijiko.