Jiwe la Jikoni

Nyumba hii ya Isamilo haikulivunja jiwe, ililizunguka.
Mafundi wa Maganlal, mnunuzi wa pamba,
walimaliza nyundo tatu, wakamwambia: Bwana, hili lina mizizi.
Akasema basi, jengeni hivyo hivyo.
Ndiyo maana jikoni kwangu, kati ya sinki na mlango wa uani,
umelala mgongo wa jiwe, kama kiboko aliyeingia kunywa
akasahau kutoka.

Rambhaben alianika juu yake pilipili na papadi.
Mpaka leo, masika yakikaribia,
jiwe hutoka jasho, na jasho lanukia bizari;
au pua yangu tu inapenda umbea.

Mwaka wa sabini na moja ikaja karatasi yenye muhuri.
Waliondoka na masanduku manne na cherehani.
Funguo walimwachia jirani, wakidhani ni suala la miezi.

Akaingia Kulwijila, karani wa reli,
mpangaji wa Msajili wa Majumba,
watoto kumi na mmoja. Wawili walizaliwa humu.
Mmoja alifia humu, surua,
na mama yake akakaa juu ya jiwe siku tatu,
mkeka hautaki.
Hili sikulisoma kwenye hati. Alinisimulia Ngollo, wa saba kuzaliwa,
siku alipobisha hodi kuomba tu alione jikoni.
Akaligusa kwa kiganja,
akaniuliza kama maji bado yanakatika Alhamisi.

Kisha zikaja fedha za sangara.
Bi Nyangeta wa Majita, mwenye mitumbwi kumi na minne,
alinunua taslimu, noti zimejaa mfuko wa sukari.
Yeye hakutaka mpangaji asiyelipa.
Akaezua mabati ya jikoni, akaliwashia jiwe matairi usiku kucha,
alfajiri akalimwagia maji ya ziwa,
kama wafanyavyo wapasua kokoto.
Jiwe kimya. Ukuta ndio uliojibu:
ufa, kutoka dirishani hadi kwenye linta.
Nauziba kila Desemba. Machi haifiki.

Sasa hati ina jina langu, muuguzi wa Bugando,
na mkopo wa miaka kumi na mitano.
Inataja kiwanja, mita za mraba, mipaka minne.
Jiwe haikulitaja.

Nikitoka zamu ya usiku miguu imevimba,
navua viatu, nakaa juu yake kabla ya kuwasha chai.
Upande wa kushoto pamebonyea kidogo.
Panamtosha mtu mmoja.