Mita Sitini

Bwana mdogo wa bonde alikuja na kamba,
akapima toka maji yanapolamba tope
mpaka kwenye tuta langu la bamia.
Mita sitini, akasema. Hizi si zako, mama,
wala si zangu. Ni za ziwa.
Nikatia sahihi: Somoe Nachundu, Kitere, shamba la mirathi.
Siku tatu sikushika jembe.

Siku ya nne nikaanza na mikaratusi.

Fakihi aliipanda mwaka ule korosho ilipopanda bei,
miche mia na kumi, imenyooka
kama watoto wa shule kwenye paredi.
Itakausha tope, alisema, tutauza nguzo.
Tope lilikauka kweli.
Nguzo tuliuza tatu.
Ya nne ilishika turubai la msiba wake.

Kila gogo lilipolala nilisema, niwie radhi, baba Esha,
na kisiki kikatoa harufu ya dawa ya kuchua,
harufu ya kifua chake
miezi ile ya kukohoa.
Nilipumzika mara nyingi. Si kwa uzito wa shoka.

Sasa hapa palikuwa na nini, kabla yetu?
Hakuna aliyeandika.
Nikamwendea Bi Mkwanda, msukaji,
ambaye siku hizi anasuka kwa nyuzi za viroba.
Akaniuliza: mkeka wa harusi yako upo?
Upo, umetoboka katikati.
Tukautandaza uani, akausoma kwa kidole:
huu ukindu nilikata pale kwenu, penye kona;
hii nyeusi ni mdaa, ulikuwa juu kidogo, penye mchanga;
na hapa, akagusa tundu,
hapa sikumbuki.

Basi nikapanda mkeka.
Machipukizi ya mkindu niliyafuata mtoni Mambi,
nikayabeba kwenye gunia lenye namba za chama cha msingi,
miiba ikanichoma mgongoni njia nzima.
Matete niliyazika na mizizi yake, goti ndani ya maji,
Esha juu ya kichuguu akichungulia mamba
huku akila muhogo wangu.

Chilumba akaja mpakani, mikono kiunoni.
Matete hayo, shemeji, unawajengea kwerea gesti,
na chai watakuja kunywa kwangu.
Hakusema uongo. Mpunga wake ni hatua ishirini.
Nikamwambia: ukianza kutia maziwa, niite,
nitakuja na debe langu alfajiri, nitapiga mpaka uvune.
Akacheka. Msimu ulipofika, aliniita.
Kiganja hiki hakijapona.

Kiboko alikuja usiku mmoja tu.
Akala chipukizi arobaini na moja,
akaacha nyayo kama masufuria, yamejaa maji,
na ndani ya kila sufuria viluwiluwi.
Nilitukana, kisha nikachuchumaa kuwatazama.
Miaka mingapi sijawaona upande huu?

Nikapanda tena. Ya pili ilishika nusu.
Ya tatu sikuihesabu.

Mkuyu sikuupanda mimi.
Umeota wenyewe kwenye ufa wa kisiki cha karatusi,
majani matatu, ukubwa wa sikio la mbuzi.
Popo kaleta, au ndege, sijui, hajadai nauli.

Bwana mdogo karudi na daftari,
kaandika: ukingo unaendelea vizuri.
Hakuona visiki vinavyochipua kila wiki,
na mimi na panga, kila wiki.
Hakuuliza pia kuhusu karatusi moja
iliyosimama peke yake nyuma ya bamia.

Hiyo iko mita sitini na moja.
Nimeipima mwenyewe, jioni, Esha kashika ncha ya pili,
na kamba, ni kweli,
niliivuta kidogo.