Moyo na Soli

Tangazo lilikuja Jumanne, nyuma ya bahasha ya bili ya gesi,
kwa penseli, mwandiko umelalia kushoto:
Cyril Tebbutt, miaka sitini na minane,
mkata soli, kiwanda cha viatu, Rushden,
aliyejitoa kwa kazi yake kwa moyo na kwa soli.

Kwa Kiingereza, roho na soli ya kiatu
ni mapacha wa sikio.
Zitamke gizani, hata mama yao hazitambui.
Karatasini tu ndipo zinapoachana:
moja ina u tumboni,
nyingine ina e mkiani, haitamkwi,
imekaa kama mgeni aliyekataa chai.

Miaka kumi na tisa nasahihisha vifo gazetini:
tarehe, majina ya wajukuu, saa ya ibada.
Makosa ya wafiwa hayachekwi.
Kalamu nyekundu ilikwisha inama,
nikairudisha mezani.
Mtu amekata soli miaka arobaini na mmoja.
Hapa aliyekosea ni nani?

Nikapiga simu.
"Bi Tebbutt, uniwie radhi. Neno lile la mwisho,
ulikusudia la mbinguni au la chini ya mguu?"
Kimya. Birika likaanza mluzi, likazimwa.
"Kwani nimeandika lipi?"
Nikamwambia.
Kicheko kikamtoka kama kikohozi,
kikakatika njiani.

Nikasema, kwa haraka ya mtu anayejiona mwerevu,
tunaweza kuliacha. Linapendeza. Watu wataelewa.

"Hapana.
Cyril alikataa jozi kumi na mbili
kwa ukingo uliozidi unywele.
Msimamizi akamuuliza, nani atatazama chini ya kiatu?
Akasema, mimi nimeshatazama.
Weka lililo sahihi."

Nikaweka.
Likatoka Ijumaa, ukurasa wa kumi na moja,
chini ya mtu anayeuza kabati la mninga, bei maelewano:
kwa moyo na kwa roho,
u mahali pake.
Hakuna aliyeandika kusifu.

Bahasha ninayo bado, katika droo ya klipu.
Jioni ile nilivua viatu mlangoni,
vyeusi, vya dukani, vya miaka mitatu,
nikavigeuza.
Kisigino kimelika upande.
Ukingo umenyooka.