Robo Mzunguko

Siku kumi na mbili tulilipasha moto tanuri la kioo,
Marinha Grande, Februari, misonobari ikivuja mvua,
na hakuna aliyeruhusiwa kuwa na haraka.
Kazi yangu: saa, penseli, daftari.
Kazi ya Belmiro: spana.

Kuba lilikuwa la matofali ya silika, meupe kama jibini,
limebanwa kwa fito za chuma toka ukuta hadi ukuta.
"Zulmira, nyuzi ngapi?"
"Mia moja na tisini."
Akakalia ndoo, akachomoa sigara, asiiwashe.

Nilitoka chuoni Aveiro, nikijiona najua:
kwamba ndani ya tofali kila atomi ya silikoni
imeshikana na oksijeni nne,
na mishikano hiyo imepinda kama viwiko
vya ndugu wengi waliolala kitanda kimoja.
Joto likifika kiasi chake, viwiko hunyooka vyote kwa pamoja.
Hakuna mkono unaoachia mkono.
Hakuna kinachokatika.
Ni kujinyoosha tu,
na kitanda hakitoshi.

Mia mbili na ishirini. Mia mbili na thelathini.
Tofali halikugeuka rangi, halikufuka moshi.
Kuba likapanda unene wa unywele, kisha wa ukucha,
fito zikaanza kulia sauti nyembamba
ya mtu aliyeuma meno.
Belmiro akainuka. Robo mzunguko.
Akaweka sikio kwenye chuma. Robo mzunguko tena.
"Usipolegeza litajipasua kwa nguvu zake lenyewe.
Ukilegeza mno litakuangukia.
Na hilo," akalitazama daftari langu, "halimo humo."

Usiku wa nane tulipita mia tano sabini na tatu,
chembe za kwatsi zilizosalia zikajigeuza, kuba likashtuka kidogo.
Ndipo aliponisimulia Guinea, bila kuulizwa,
mgongo wake kwangu.

"Asubuhi nilikuwa topeni, bunduki begani.
Saa nne na ushei za ndege.
Jioni niko mezani kwa mama, dagaa wa kuchoma,
jirani wamejaa mlangoni, wananiambia: kula, umekonda.
Vita walinipandisha miezi kumi na minane.
Wakanishusha kwa alasiri moja."

Deolinda, mkewe, alilala chumba cha pili miaka miwili.
Hilo sikuambiwa na yeye. Huu ni mji mdogo.

Niliandika nyuzi. Sikujua pa kuandika mengine.

Juu zaidi ya hapo, zaidi ya mia nane na sabini,
yako mabadiliko ya namna nyingine:
mikono huachana kwelikweli,
atomi huhama, hujenga nyumba yenye ramani tofauti.
Hayana kishindo. Huchukua majuma, huchukua miaka,
na tanuri hufanya kazi zake, chupa zinatoka,
hakuna anayesikia nyumba ikibomolewa na kuinuliwa.
Nilimwona Belmiro akimbeba mjukuu kwenye soko la Jumamosi,
nikakumbuka jambo hilo, nikanunua vitunguu, nikaenda zangu.

Kuba likakaa miaka kumi na minne bila kupoa.

Kisha wakaja watu wa Lisbon na tai zao.
Nikasema: tushusheni pole pole, wiki mbili, mtu awe kwenye fito.
Wakauliza, za nini? Linauzwa vyuma chakavu.
Ijumaa wakafunga gesi.

Jumatatu alfajiri nilimkuta mkahawani ng'ambo ya barabara,
mstaafu, koti lake zuri, kahawa imepoa mbele yake.
Lango la kiwanda limefungwa kufuli.
Tukasikia *ta*, kavu, kama kokwa linalopasuliwa.
Kimya. Kisha *ta*, *ta*,
kisha mfululizo nisioweza kuuhesabu,
viwiko vinakunjwa vyote usiku mmoja, na hakuna wa kuvisindikiza.

Hakusema neno.
Ila mkono wake, juu ya meza, kando ya kisahani,
ulikuwa umeshika hewa
na ulikuwa ukizunguka, kidogo, ukisita, ukisikiliza,
safari hii upande wa kukaza.