Kona ya Kiko

Barabara ya Kiko, nje kidogo ya Fort Portal,
inapinda kama jina lake: kiko cha mkono
wa mtu aliyeshika tama.
Kulia chai. Kushoto chai. Katikati udongo mwekundu
uliosagwa na matrekta ya kiwanda ukawa unga,
juu ya unga kokoto,
juu ya kokoto mimi
na Subaru ambayo benki bado inaiita yake.

Wandeba fundi, Mgisu asiyecheka saa za kazi,
alinionya tukiwa chini ya bodi,
mafuta ya difu yakimchuruzika hadi kwapani:
"Abwooli, gari hili lina miguu minne
na yote inataka kwenda mbele.
Mbele si kona.
Ukiingia kwa pupa utakata usukani
nalo litakusikia
kama mtoto anavyosikia akiitwa kuoga."

Ni kweli. Nilikata kulia, likashika njia yake,
matairi ya mbele yakilamba kokoto bila kuuma.
Nikaongeza usukani. Likazidi kwenda.
Hapo ndipo mwili hutaka kuachia mafuta,
na mwili, kwa jambo hili, ni mshauri mbaya:
ukiachia, uzito wote hukimbilia mbele,
pua inauma ghafla,
mkia unakuwa mwepesi kama kikapu kitupu,
na gari lililokataa kugeuka
linageuka kuliko ulivyoomba.

Mvulana wa maziwa akatokea na baiskeli,
madebe mawili yaking'aa.

Niliachia.

Rwenzori ikapita kiooni.
Chai. Mvulana, mguu mmoja chini, mdomo wazi.
Chai.
Rwenzori tena.
Kisha kimya, na tabo ikashusha pumzi, fyuu,
kama mwenye nyumba aliyechoshwa na wageni.

Wachumaji walikuja na vikapu mgongoni.
Hakuna aliyeniuliza hali.
Msimamizi wao, Nyakaisiki, alihesabu miche kwa kidole,
kumi na mmoja, na wa kumi na mbili umevunjika tawi,
akaandika katika daftari la kilo.
"Analipa nani?"
Mvulana akasema maziwa hayakumwagika hata tone,
kwa sauti ya mtu aliyekuwa anaendesha.

Wandeba alipofika hakutazama bampa.
Alichuchumaa barabarani, akazisoma nyayo za matairi
polepole, kidole kikifuata mstari.
"Hapa ulikuwa sawa. Hapa uliogopa."
Kati ya hapa na hapa, nilipima baadaye, ni hatua mbili.
"Mguu wa kushoto uguse breki, wa kulia usihame.
Na kabla ya kona, lielekeze kidogo usikotaka,
kama mnunuzi wa mbuzi anayeanza kwa kusifu kuku.
Likishaamini, lirudishe.
Tazama unakokwenda. Ukitazama chai, utakula chai."

Jumapili sita nilikula vumbi pale.
Mara nyingi lilisukuma nje; mara moja lilizunguka
likatulia likitazama nilikotoka, halina aibu.
Mara ya kumi na saba, sijui,
niliona njia kupitia dirisha la pembeni,
magurudumu yote manne yakiteleza kwa pamoja,
hakuna lililomwacha mwenzake,
na woga uliposema toa, nikakanyaga.
Likajivuta lenyewe kutoka kwenye kona
kama ng'ombe anayejitoa topeni,
taratibu kwanza, halafu mzimamzima.
Sikupiga kelele. Nilisahau kupumua, basi.

Miche kumi na mmoja: nimelipia tisa.
Nyakaisiki amepanda mingine katika pengo,
midogo, ya kijani isiyolingana na wenzake,
naye kila nikipita hunionyesha vidole viwili.

Usiku mume wangu hunung'unika.
Anasema mguu wangu wa kulia, nikiwa nimelala fofofo,
unalikandamiza shuka hadi mwisho
na hauachii.