Ngozi ya Vidole

Foleni ya cheti cha tabia njema, Barabara ya Kiambu.
Afisa akanishika kidole gumba,
akakibiringisha kwenye wino kama mandazi kwenye unga,
kisha kingine, hadi vyote kumi.
Nyanya Kavutha alizoea kusema: tabia ni ngozi.
Sikujua serikali nayo ilimsikia.

Neno hili nimelikuta kwingi.
Stima ya Umoja ina tabia ya kupotea
ugali ukikaribia kuiva.
Redio yasema tabianchi imegeuka.
Na jirani akinong'ona, "Yule ana tabia,"
hakuna anayeuliza: njema au mbaya?

Darasa la sita, Mwalimu Obura aliandika kwenye ripoti:
*Tabia: anaongea sana.*
Mama akaikunja,
akaificha kabatini chini ya vyombo vya wageni.

Sasa nangoja wiki mbili
watafute vidoleni mwangu nilichokosa.
Hawataliona deni la mama mboga nililolilipa kimya,
wala simu ya dadangu
niliyoiacha ikalia, ikalia, ikanyamaza.

Nyumbani nilinawa kwa sabuni ya unga.
Wino ulitoka, ila pembeni mwa kucha,
na kwa kucha hizo
nikaitafuta namba ya Mwende.